Kurasa za Nyuma za Daftari la Mutunga

Jumanne, 5 Agosti 2025

Sista Cynthia, muuguzi wa ule utafiti wa Nairobi, ametupatia daftari. La kawaida tu la shule, jalada la bluu. Kila siku niandike joto la Mutunga asubuhi na jioni, alichokula, na kila dawa aliyomeza. Kila dawa, akarudia. Hata Panadol, nipige simu kwanza. Nikatia sahihi kwamba nimeelewa.

Ya leo nimeiandika mbele. Asubuhi 37.4. Jioni 38.1. Uji, vijiko vinne. Kisha nikaligeuza daftari nikaanza huku nyuma. Huku ni kwangu. Ndugu yangu ana miaka ishirini na tatu, saratani ya damu imemrudia, na sina wa kumwambia kwamba naogopa. Hotelini kwangu wateja wanataka chapati, hawataki machozi.

Mutunga mwenyewe ndiye aliyenifafanulia hayo matibabu. Watamtoa damu, wachague zile seli za kinga peke yake, zipelekwe kwa ndege kwenye maabara ng'ambo. Huko zitabadilishwa, ziongezwe ziwe nyingi, kisha baada ya mwezi hivi zirudishwe mwilini mwake. "Bosi, askari ninao," akasema. "Shida hawamjui mwizi. Sasa wanaenda kuonyeshwa picha yake." Yeye ni fundi wa sola. Kwake kila kitu kinatengenezeka, ni kupata waya sahihi tu.

Dawa za drip zimeshindwa mara mbili. Daktari hakuzungukazunguka: hii ndiyo ya mwisho, baada ya hii hakuna. Nafasi ni chache na Mutunga amepata moja. Watachukua seli tarehe 27.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimechana karatasi huku nyuma niandike vitu vya soko — vitunguu, dania, unga — na karatasi ya mbele ikang'oka pia! Ile yenye joto lake la leo! Mutunga alicheka hadi akakohoa. Ati bosi, hiyo ni karatasi moja imekunjwa katikati ikapigwa pini, ukichana mwisho umechana mwanzo. Nimeibandika na gundi. Ni kicheko cha kwanza wiki hii.

Lakini hali chakula. Ameshinda na nusu ndizi. Mimi nalisha madereva wa malori, makarani wa kaunti, walimu, hata watalii waliopotea njia ya mbugani — na ndugu yangu wa tumbo moja ananirudishia sahani vile ilivyokwenda. Nimempikia ndengu. Nimempikia samaki. Nimempikia muthokoi kama wa Mwaitu, mama yetu, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe aliyokuwa akiiba sufuriani akiwa mdogo. Ananiangalia tu kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Jumapili, 10 Agosti

Nisingeenda kanisani leo ningekuwa na amani zaidi. Shati la Mutunga linaning'inia kama liko kwenye kamba. Mama mmoja wa kwaya akanivuta kando, akauliza kwa sauti ya chini kama tumempima na ule ugonjwa mwingine. Nikamwambia ni saratani. Akasema ndiyo, ndiyo, lakini mpimeni. Nilitaka kumpiga na Biblia!

Mwaitu amekuja kutoka Marungu na kuku wawili. Anataka tarehe 24 tufanye maombi kwake nyumbani kabla Mutunga hajaenda Nairobi. Ukoo wote uje, majirani, na Pasta Danson. Halafu akaniita jikoni. Akasema hawezi kumuonyesha mtoto wake kwa watu akiwa hivi. Wakimwona watasema wameitwa kuaga maiti. Akanishika mkono. "Katunge, wewe ndiye mpishi. Nifanyie nipate uso wa kuonyesha."

Wiki mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Priscilla anauza nguo za mitumba mlango wa tatu kutoka hotelini. Chini ya zile nguo ana kopo la pakiti za vidonge. Voi nzima wanajua. Msichana akikaribia harusi na mifupa inaonekana, anapita kwa Priscilla, na siku ya harusi ana mashavu. Nimenunua. Aliniuliza ni za nani, nikasema zangu. Akanitazama toka juu hadi chini, akacheka — na mimi hapa wa kuingia mlangoni kwa ubavu! Lakini akanifungia.

Nilimuuliza kama hiyo ni dawa. "Dawa ya nini? Hii ni ya hamu tu."

Viwili asubuhi. Nimevisaga na kijiko nikavitia kwenye uji wa wimbi, nikaongeza sukari kwa sababu ni vichungu. Amekunywa. Mbele nimeandika: uji, kikombe kimoja. Hivyo vidonge sijaviandika. Chumvi pia huwa siandiki.

Ijumaa, 15 Agosti

ANAKULA!

Sahani mbili za muthokoi. Mbili! Halafu akaulizia kama mandazi yamebaki. Joto 36.8 asubuhi na jioni. Yale matezi ya shingoni yaliyokuwa yamemvimba yamenywea, nimeyapapasa mwenyewe. Halali sana, anaongea kama redio, na leo asubuhi ametengeneza ile taa ya hotelini iliyonishinda tangu Pasaka. Nimempigia Mwaitu. Alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Mambo ya kufurahisha huwa sijui kuyaandika. Nimefurahi.

Jumapili, 24 Agosti

Marungu kulijaa. Watu wametoka mpaka Kasigau na vumbi hadi kwenye nyusi. Mwaitu alichinja mbuzi, na Mutunga alikaa mbele ya wote kwenye kiti cha marehemu baba, mashavu yamejaa, shati limemkaa. Pasta Danson alimshika kichwa akasema, mtazameni, Mungu ameanza kazi kabla ya madaktari. Watu wakalia amina. Mwaitu akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akayabana kama unga uliokandwa.

Yule mama wa kwaya akaja kuniuliza namlisha nini. Nikamjibu: chakula. Acha nikiri hapa, nilivimba kichwa. Kila aliyemsifu Mutunga niliona ananisifu mimi.

Jumatano, 27 Agosti, Nairobi

Tulipanda treni jana. Tumelala kwa binamu, na asubuhi nikamkorogea uji wake kama kawaida. Nilibeba kila kitu kutoka nyumbani.

Daktari wa utafiti ni kijana, ana adabu. Alilipitia daftari kurasa za mbele, akasifu mwandiko wangu. Akauliza kama kuna kitu kingine chochote amemeza. Nikasema hakuna. Sikuwa nadanganya. Ndivyo nilivyoamini.

Mashine ni kubwa kama jokofu. Damu inatoka mkono huu, inazungushwa, inachujwa, inarudi mkono ule. Saa tano nzima. Daktari aliangalia karatasi ya vipimo akakunja uso kidogo — seli za kinga ni chache kuliko walivyotegemea. Lakini zinatosha kujaribu. Mwisho walituonyesha mfuko. Maji maji yenye rangi kama ya chai iliyokosa majani. Mutunga akauambia ule mfuko, "Haya, nendeni salama. Mkiulizwa kwenu ni wapi, semeni Voi." Hata daktari alicheka.

Jumamosi, 30 Agosti

Tumerudi. Vidonge vimeisha, na Priscilla amesema mzigo utafika wiki ijayo. Si kitu. Maombi yamepita, safari imepita, na mwili ameupata.

Jumanne, 9 Septemba

Sijui nini kimetokea. Joto 38.9. Mashavu yangali ya mviringo lakini miguu imekuwa kama ya ndege. Hawezi kuinuka bila kushikwa. Matezi yamerudi, makubwa kuliko mwanzo. Hospitali ya hapa wamemwekea damu chupa mbili. Sista Cynthia anasema tuvumilie, seli ziko maabara, zikirudi zitafanya kazi.

Hesabu ya siku anaifanya Mutunga mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani. Anazungushia kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi, 18 Septemba

Hazikuzaliana.

Daktari alipiga saa nne asubuhi, simu tukaiweka sauti ya juu. Wamejaribu kwa kila njia. Seli ziligawanyika kidogo, kisha zikasimama. Zikafa. Hakuna cha kurudisha. Mutunga alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa daktari, asante kwa kujaribu." Kisha akaniomba chai.

Nilikwenda jikoni kuiweka chai. Maji yalichemka yakakauka nikiwa nimesimama pale pale. Sikulia. Nililia baadaye, kwenye stoo, juu ya gunia la maharagwe.

Ijumaa, 19 Septemba

Mwandiko wangu wa leo daktari asingeusifu.

Sista Cynthia amenipigia mimi peke yangu. Nilikuwa kwenye chapati. Anasema wenzake hawaelewi, kijana wa miaka ishirini na tatu, seli zinakataaje hivyo. Kuna mtu kati yao anashuku. Je, Mutunga alipewa steroid yoyote? Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema zina majina mengi, hata vile vidonge vya kunenepesha wanavyouziana wanawake sokoni. Vinampa mgonjwa hamu. Vinashusha joto. Vinayeyusha matezi kwa muda, mtu anaonekana amepona. Na vinaziangamiza zile seli zenyewe tulizokuwa tunazitafuta, na zinazobaki zinalala.

Alivitaja kimoja kimoja. Hamu. Joto. Matezi. Kama mtu aliyekuwa amesimama jikoni kwangu wakati wote!

Chapati iliungua. Niliitazama ikiungua.

"Katunge? Upo?"

"Nipo."

"Alipewa?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Kila kitu kiko kwenye daftari."

Akanishukuru.

Jumapili, 21 Septemba

Sikuenda kanisani. Nilikwenda kwa Priscilla. Nikamwambia atoe kopo. Ndani yake kuna pakiti za karatasi ya fedha na jina limeandikwa hapo wazi, lile lile la kwanza alilolitaja Sista. Kumbe mbele yangu muda wote! Nilimfokea mpaka watoto wake wakatoka nje. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema, si ulisema ni zako?

Nilisema ni zangu.

Akapiga magoti kwenye saruji, akaniomba nisimtaje. Nilikuwa nimeenda na hasira ya kubomoa nyumba na nikakosa pa kuiweka. Nani alisaga? Nani aliongeza sukari ili asisikie uchungu?

Jumatano, 24 Septemba

Madaktari wanakutana Jumatatu kuhusu Mutunga. Sista amenieleza bila kunificha, na mimi naandika bila kujificha.

Wasipopata sababu, wataandika kwamba seli zake zenyewe ni mbovu. Faili itafungwa. Nafasi yake atapewa mwingine, kuna mtu Kitui anangoja.

Wakipata sababu, basi huenda — alisema huenda mara tatu — huenda wakamsafisha mwili siku kadhaa na kuchukua seli tena. Lakini pia aliyeficha dawa amevunja masharti, na kwa hilo peke yake wanaweza kumtoa. Niliweka sahihi mimi. Na hata wakikubali, ni mwezi mwingine wa kungoja, na damu yake kwa jinsi ilivyo sasa Sista hadhani ana mwezi.

Kwa hiyo nikisema, atakufa akijua ni mimi. Nisiposema, atakufa. Hiyo ndiyo tofauti. Nimeipiga hesabu jikoni siku tatu na jibu ni lile lile, na bado hiyo huenda naitia tena kwenye hesabu.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo nimetamani ardhi inimeze.

Nilikuwa namfuta jasho. Akaniomba msamaha. Mutunga! Aniombe msamaha mimi! Ati nimejitesa kumpikia, nimefunga hoteli, nimesafiri, na kumbe kasoro ilikuwa ndani yake tangu mwanzo. "Askari wangu ni wavivu, bosi. Wamepelekwa mpaka ng'ambo wakalala." Alijaribu kucheka. Halafu akauliza kama baba naye alikuwa na damu mbovu, labda ni ya ukoo, na kama mimi nimewahi kupimwa. Ananihofia mimi.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimefika kwenye neno lenyewe. Mwaitu akaingia na uji.

Uji! Ameanza kuupika yeye sasa. Anasema hajui mimi nilikuwa natia nini, Mutunga anasema wa kwangu ulikuwa mtamu zaidi.

Jumatatu, 29 Septemba

Joto 39.2. Maji, vijiko viwili. Hakuna kingine cha kuandika mbele.

Daktari atapiga saa kumi. Wenzake wako mezani pamoja naye. Wameomba kitu kimoja: wasomewe daftari, siku moja baada ya nyingine, kuanzia tarehe tano Agosti, pengine kuna kitu kilipita bila kuonekana. Nikasema nitasoma mimi. Mutunga akakataa. Ati sauti yangu inakatika siku hizi, wale watu wataniona mjinga, na tena ugonjwa ni wake. Mwaitu amemwinua, amemwekea mito mgongoni. Amevaa lile shati la Marungu. Linaning'inia tena.

Nimekuja jikoni na daftari nikisema natafuta miwani.

Nimefungua hapa nyuma. Karatasi ya tarehe kumi na moja. Nimeishika kwenye pini, nimeivuta polepole — na mbele ikavutika mwenzake, ile ya tarehe tisa na kumi, siku mbili za mwisho kabla ya vile vidonge. Joto 38.4. Chai, vijiko vitatu. Ndiyo siku zinazoonyesha hali yake kabla sijamgusa. Zikikosekana, daktari ataona pengo, na baada yake mgonjwa amepanda kutoka kitandani hadi sahani mbili bila maelezo. Zikibaki, na hii inabaki. Pini moja imelegea. Karatasi ziko nusu ndani, nusu nje, zote mbili.

Simu imeita.

Mwaitu ameipokea. Nasikia Mutunga anasalimia. Anamuuliza daktari habari za kazi! Sauti yake ndogo, lakini anajikaza. Anamwambia ana mwandiko wa dada yake, ni yeye tu anayejua kuusoma. Mtu huko anacheka.

Mwaitu anauliza nina nini huko jikoni.

Nikimpa limefungwa ataanzia mbele. Atasoma uji, uji, uji, muthokoi sahani mbili, na mezani hakuna atakayejua. Labda ataligeuza. Yeye hugeuza kila kitu kuona nyuma kuna nini, ndiyo kazi yake. Au labda nimpe likiwa limeshageuzwa.

"Bosi! Leta daftari, watu wanangoja!"

Nakuja, nimesema. Miwani ninayo usoni.

Ananiita tena. Nikiacha kuandika itabidi nisimame.